Ngano Imeachwa, Utumbo Haujapona: Kusaka Madhara ya Siliaki kutoka Songo Mnara hadi Muhimbili

Mashua itokayo Kilwa Masoko kwenda Songo Mnara hupakia kila ambacho kisiwa hakizai: sabuni, sukari, petroli ya injini, dawa za dukani na mifuko ya unga wa ngano. Unga huo ni mgeni kisiwani. Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walianza kuchimba magofu ya mji wa mawe wa kisiwa hicho mwaka 2009, na mabaki ya mimea yaliyotoka ardhini yanaonyesha kwamba nafaka za wenyeji zilikuwa mtama, uwele na mpunga. Siku hizi asubuhi ya pwani ya Lindi huanza na andazi au chapati, na sehemu kubwa ya ngano ya Tanzania hushushwa bandarini kutoka nchi za nje.

Walio wengi hula, wakashiba, mambo yakaisha. Kwa wachache, gluteni iliyomo katika ngano, shayiri na rai huuchochea mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. Vijidole laini vinavyotandika ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula, husinyaa hadi ukuta ukabaki bapa. Huo ndio ugonjwa wa siliaki. Duniani humpata takriban mtu mmoja kati ya 100, nao hauna dawa ila kuacha gluteni maisha yote.

Mwongozo huu haumhusu anayeanza kuutafuta ugonjwa huo. Unamhusu aliyekwisha kuambiwa anao, akaacha ngano, mwaka ukapita, na bado anaharisha, anakonda, damu haipandi. Huenda aliambiwa Dar es Salaam. Huenda amerudi na cheti kutoka Muscat au Leicester, walikokaa ndugu zake. Familia hujiuliza kama ni utumbo uliokataa tiba, au ni saratani. Madhara hayo yapo na yanaua, lakini ni ya wachache sana: siliaki sugu yenyewe, ile isiyotii tiba, haimfikii hata mgonjwa mmoja au wawili kati ya 100. Kwa mtu wa pwani yetu, kabla ya kufika huko kuna milango mingine ya kubisha, na mingi hufunguliwa kwa gharama ndogo kuliko skani.

Zipo dalili, hata hivyo, zisizongoja foleni. Mgonjwa aliyekuwa amenenepa akaanza kukonda upya. Maumivu ya tumbo yanayomjia kila baada ya kula na kuzidi wiki hadi wiki. Homa za jioni na jasho la usiku lisiloelezwa na malaria. Choo cheusi kama lami. Kutapika huku tumbo limejaa na haja haitoki. Uvimbe unaoshikika tumboni, au miguu kuvimba kwa kukosa protini mwilini. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, uzito wa dalili hizi huongezeka, kwa kuwa limfoma ya utumbo, saratani inayotokana na siliaki, huwapata zaidi watu wa makamo na wazee. Mwenye dalili hizi asiambiwe arudi baada ya miezi mitatu. Apewe rufaa siku hiyo hiyo, na tumbo likiwa gumu kama ubao apelekwe kwa daktari wa upasuaji, maana utumbo uliochimbika vidonda unaweza kutoboka.

Wasio na dalili hizo wanayo nafasi ya kwenda kwa utaratibu, na mlango wa kwanza unaanzia nyuma: je, ugonjwa wenyewe ulikuwa siliaki kweli?

Swali hili lina historia hapa kwetu. Mwaka 1964 Banwell, Hutt na Tunnicliffe walichapisha uchunguzi wao wa vipande vya utumbo walivyovichukua kwa Waafrika wa Uganda. Vitabu vya Ulaya vilikuwa vikichora vijidole virefu, vyembamba, vilivyosimama wima. Kampala walikuta mara nyingi vijidole vipana kama majani, vingine vimeungana na kuwa matuta. Miaka mingi baadaye Paul Kelly na wenzake walikuta hali inayofanana na hiyo kwa watu wazima wa mtaa mmoja maskini wa Lusaka, Zambia. Wengi wa watu hao hawakuwa wagonjwa kwa maana ya kawaida. Utumbo wao ulikuwa umechakazwa pole pole na vimelea, maji machafu na maambukizi ya mara kwa mara.

Kwa hiyo daktari wa patholojia anayeangalia kipande kutoka Kilwa kwa macho ya kitabu cha London anaweza kuona siliaki mahali ambapo hapana siliaki. Vijidole vilivyofupika kidogo si ushahidi wa kutosha, na seli za ulinzi zilizojaa ukutani hazitoshi zenyewe. Katika mizani ya Michael Marsh ya mwaka 1992, inayotumika bado, wingi wa seli hizo bila kusinyaa kwa vijidole ni daraja la 1 tu. Minyoo huleta wingi huo. VVU huuleta. Hata baadhi ya dawa za maumivu huuleta. Ukuta uliokuwa bapa kabisa ndio daraja la 3, nalo pia lina visababishi vingine: mwaka 2012 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza wagonjwa 22 ambao utumbo wao ulifanana na wa siliaki, kumbe ulikuwa umeharibiwa na olmesartani, dawa ya shinikizo la damu. Walipoiacha wakapona.

Basi msomaji mwenye mgonjwa nyumbani aanze kwa kuomba karatasi za mwanzo. Si muhtasari ulioandikwa kwenye daftari la kliniki, bali ripoti zenyewe. Je, kingamwili zinazoitwa tTG-IgA zilipimwa wakati mgonjwa bado anakula ngano? Je, kiwango cha IgA yote kilipimwa pamoja nazo? Karibu wagonjwa 2 hadi 3 kati ya 100 wenye siliaki hawana IgA kabisa, na kwao jibu la kwamba hakuna kitu halina maana. Je, vipande vilivyotolewa kwa kamera vilikuwa vingapi? Inatakiwa angalau vinne kutoka sehemu ya pili ya duodeni (kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba), na kimoja au viwili kutoka mwanzo wake, kwa kuwa uharibifu huja kwa madoa na kipande kimoja kinaweza kuukosa.

Karatasi zikiwa na mashaka, kuna kipimo kimoja cha damu kinachofaa gharama yake: cha vinasaba vya HLA-DQ2 na DQ8. Karibu wagonjwa wote wa siliaki wana kimoja au vyote viwili. Kuwa navyo hakumtii mtu hatiani, kwa sababu watu wengi wazima wanavyo, lakini asiyekuwa na hata kimoja karibu hakika hana siliaki, na huo mwaka wa kukimbia chapati ulikuwa wa bure. Kipimo hufanywa mara moja tu maishani, na mgonjwa hahitaji kula ngano kwanza. Damu husafirishwa tu hadi maabara yenye uwezo huo.

Kwa yule aliyeacha ngano kabla hajapimwa chochote, njia ni ngumu zaidi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 unataka ale gluteni katika milo zaidi ya mmoja kila siku kwa muda usiopungua wiki 6 ndipo apimwe. Si jambo la kujianzishia, hasa kama mwili umedhoofu.

Tuseme ugonjwa umethibitika. Mlango wa pili ni jikoni, na hapo ndipo wengi hukwama. Kliniki nyingi za dunia zimekuta kwamba sababu ya kwanza ya mgonjwa kutopona ni gluteni inayoendelea kuingia, mara nyingi bila yeye kujua. Mazungumzo ya chumba cha daktari yanaweza kwenda hivi, kwa mfano wa mama lishe wa stendi:

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Ngano umeacha kweli?”

“Nimeacha tangu Ramadhani. Hata chapati zangu nauza tu, sili.”

“Unazikanda mwenyewe?”

“Sasa nani mwingine atakanda?”

“Na asubuhi unakunywa nini?”

“Uji wa lishe. Si mliniambia hapa hapa ninenepe?”

Majibu mawili ya mwisho ndiyo yenye ugonjwa. Anayekanda kilo kadhaa za ngano kila alfajiri huvuta vumbi lake na kulimeza, na vidole vyenye unga huonja mchuzi. Uji wa lishe nao ni mtego, tena wenye baraka za hospitali: mchanganyiko wa mahindi, mtama, ulezi, soya na karanga mara nyingi hutiwa na ngano, na mfuko wa kienyeji hauandikwi vilivyomo. Mgonjwa aliyekonda huambiwa anywe vikombe viwili kwa siku, naye hutii.

Kiasi kinachodhuru ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Carlo Catassi wa Italia alionyesha mwaka 2007 kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, kwa siku 90, zinatosha kuharibu vijidole. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina takriban gramu 2, yaani mara 40 ya hizo. Kwa hiyo swali la “unakula ngano?” ni jembamba mno. Daktari mzuri, au ndugu anayemsaidia mgonjwa, huuliza juu ya vitumbua: ni vya mchele, lakini baadhi ya wauzaji huchanganya ngano kidogo. Huuliza juu ya mkate wa kumimina na bagia kwa sababu hiyo hiyo, juu ya muhogo uliokaangwa katika mafuta yaliyotoa maandazi, juu ya bokoboko la sikukuu, soseji, sosi ya soya na bia ya shayiri. Huuliza nani anapika nyumbani na kama kibao cha kusukumia chapati ndicho pia cha kukatia mboga.

Mtu wa Kilwa ana nafuu ambayo mgonjwa wa Ulaya angeitamani. Ugali wa muhogo, wali wa nazi, samaki, kunde, viazi vitamu, ndizi, korosho, ufuta na uji wa mtama mtupu havina gluteni tangu asili yake. Hahitaji mikate ya bei kubwa ya dukani. Anachohitaji ni mtama na ulezi unaosagwa na watu wake kwenye mashine ambayo haijatoka kusaga ngano muda huo huo, na unga wa uji anaouchanganya mwenyewe.

Kipimo cha damu husaidia kuhukumu hapa. Kingamwili za tTG zikiwa bado juu baada ya mwaka au zaidi, na hazishuki, elekeza macho jikoni. Zikiwa zimerudi kawaida na mgonjwa bado hali yake ni mbaya, hapo ndipo utafutaji mwingine uanze. Jambo la kukumbuka ni kwamba kingamwili safi hazithibitishi kuwa utumbo umepona, na wenye siliaki sugu wengi huwa nazo safi. Aliyeambiwa “damu yako nzuri, nenda nyumbani” huku anapungua kilo kila mwezi ana haki ya kuuliza zaidi.

Ana haki pia ya kutotishwa mapema. Utumbo wa mtu mzima hupona kwa mwendo wa kinyonga. Katika uchunguzi wa Mayo Clinic uliochapishwa 2010, ni asilimia 34 tu ya wagonjwa watu wazima ambao ukuta wa utumbo wao ulithibitika kupona baada ya miaka 2, na asilimia 66 baada ya miaka 5. Kipande chenye vijidole vifupi kwa mtu anayenenepa na kufanya kazi zake si siliaki sugu. Ni utumbo ulio njiani.

Mlango wa tatu ni wa maradhi ya nyumbani kwetu, na vitabu vilivyoandikwa nchi za baridi huupita haraka. Upungufu wa damu katika pwani ya Lindi una wazazi wengi: malaria, safura, kichocho, selimundu, uzazi wa karibu karibu. Kumwekea siliaki mzigo wote bila kupima choo ni uvivu. Choo kipimwe si mara moja bali mara tatu kwa siku tofauti, kwa ajili ya Giardia, ambayo huharisha na kukondesha kama siliaki, na kwa ajili ya mnyoo aitwaye Strongyloides. VVU vipimwe, hata kama vilipimwa mwaka juzi.

Maziwa nayo yanataka akili. Ukuta wa utumbo ulioharibika hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, na daktari wa Ulaya huhesabu hilo kuwa moja ya madhara ya siliaki. Lakini G. C. Cook na S. K. Kajubi walionyesha Uganda mwaka 1966 kwamba watu wazima wengi wa jamii za wakulima, kama Waganda, hawana uwezo huo tangu zamani, tofauti na wafugaji kama Wahima. Mvuvi wa Songo Mnara anayejaa gesi akinywa maziwa huenda yuko kama babu yake alivyokuwa. Aache maziwa wiki mbili aone. Ni kipimo kisicho na risiti.

Kifua kikuu (TB) cha tumbo ndicho kinacholeta utata mkubwa kuliko yote. Homa za jioni, kukonda, matezi ya tumboni yaliyovimba, utumbo uliobana: maelezo hayo yanafaa TB na yanafaa limfoma bila kubadilisha neno. TB hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoungana na utumbo mpana. Limfoma ya siliaki hupenda zaidi sehemu ya juu, jejunamu. Hiyo ni mielekeo tu. Kumwanzishia mgonjwa dawa za TB kwa kukisia na kungoja miezi miwili kuona kama atapata nafuu ni desturi inayoeleweka pale vifaa visipokuwepo, lakini kwa mwenye siliaki iliyothibitika miezi miwili ni mirefu sana. Kipande cha nyama kitafutwe kwanza, sehemu ipelekwe kwenye mashine ya GeneXpert inayopima TB na sehemu kwa patholojia.

Kinyume chake nacho ni hatari. Prednisoloni, dawa ya steroidi, hutuliza siliaki sugu, na kuna kishawishi cha kuijaribu “tuone”. Kwa mwenye TB iliyojificha dawa hiyo huufumua ugonjwa. Kwa mwenye Strongyloides inaweza kuwafungulia minyoo njia ya kusambaa mwili mzima na kumuua mgonjwa ndani ya siku chache. Katika nchi ya joto hakuna steroidi kabla ya kupima TB na kabla ya kupima au kutibu mnyoo huyo. Familia inaweza kulisema hilo kwa adabu mbele ya daktari yeyote.

Milango hiyo mitatu ikiwa imefungwa, ndipo utumbo wenyewe uangaliwe kwa kina. Shida ni mahali. Utumbo mwembamba una mita kadhaa, na kamera ya kawaida inayopitia mdomoni huishia duodeni. Vidonda na limfoma hukaa mbele zaidi. Madaktari wamehangaika na giza hilo tangu zamani: Margot Shiner alichukua kipande cha jejunamu kwa mrija mwaka 1956, na mwaka 1957 William Crosby akatengeneza kidonge cha chuma chenye kisu kilichomezwa kikiwa kimefungwa kwenye mpira mwembamba. Mwaka 2001 kilikuja kidonge chenye kamera ndani, na mwaka huo huo Hironori Yamamoto wa Japani akaeleza kamera ndefu yenye maputo mawili, inayojivuta ndani ya utumbo na kuweza kukata vipande huko huko.

Kwa mgonjwa wa Lindi safari haianzi na vifaa hivyo. Inaanza na ultrasaundi, ambayo inaonyesha mengi kuliko watu wanavyoipa heshima: utumbo uliojaa maji na kuchezacheza kupita kiasi, ukuta mnene, matezi, maji tumboni, au utumbo uliojisokomeza ndani ya utumbo, jambo linaloweza kuja na kuondoka kwa mwenye siliaki. Ultrasaundi huonyesha pia bandama. Kwa baadhi ya wagonjwa wa siliaki bandama husinyaa na kuacha kazi, na wengi wa wenye madhara makubwa wako katika kundi hilo.

Kuhusu bandama, kuna ushahidi unaopatikana kwa hadubini ya kawaida ya maabara. Bandama isiyofanya kazi huacha ndani ya chembe nyekundu vidoa vya mviringo viitwavyo vya Howell-Jolly. Mtaalamu wa maabara aliyezoea slaidi za malaria anaweza kuviona akiambiwa avitafute. Hapa tahadhari ya Kitanzania inahitajika: selimundu nayo huua bandama na kuacha vidoa hivyo hivyo, nayo ni ya kawaida sana nchini. Vikionekana, selimundu ipimwe. Isipokuwepo, mgonjwa huyo wa siliaki asogezwe mbele kwenye foleni ya skani, na chanjo ya nimonia ya pneumokokasi ifikiriwe.

Skani ya CT ndiyo hatua ya kati, na namna inavyofanywa ina uzito. Mgonjwa hunywa kimiminika kingi kwanza ili utumbo ujae, kisha dawa ya mshipani huonyesha ukuta. Skani iliyofanywa utumbo ukiwa mtupu inaweza kulikosa bonge la wazi, kwa hiyo kwenye fomu iandikwe kwamba kinachotafutwa ni utumbo mwembamba wa mgonjwa wa siliaki, si “maumivu ya tumbo” tu. MRI hufanya kazi hiyo bila mionzi pale ilipo. Isipopatikana hata CT, eksirei ya bariamu iliyofuatiliwa hatua kwa hatua bado inaweza kuonyesha mahali palipobana au penye vidonda. Isitumike tu kama kuna shaka ya utumbo kutoboka. Kidonge cha kamera kimezwe baada ya picha hizo, kwa sababu kikikuta mahali pembamba kitanasa, na kukitoa ni upasuaji.

Halafu kamera ya mdomoni irudiwe, vipande vichukuliwe upya na kulinganishwa na vya mwanzo. Kinachotafutwa sasa ni seli. Siliaki huitwa sugu pale dalili na ukuta uliosinyaa vinapodumu ingawa mgonjwa ameshika masharti kwa miezi 12 na sababu nyingine zote zimeondolewa. Ya aina ya 1 ina seli T za kawaida ukutani, na walio wengi hupata nafuu kwa dawa kama budesonaidi. Ya aina ya 2 ina seli zilizoasi: alama ya CD3 imebaki ndani ya seli na kutoweka juu yake, CD8 imepotea, na zote zimezaliwa na seli moja. Huo ni mwanzo wa limfoma, hata kama bonge halijaonekana. Karibu nusu ya wagonjwa wa aina ya 2 hawamalizi miaka 5 tangu kugunduliwa. Wanahitaji hospitali yenye madaktari wa damu na saratani, na kwa Tanzania mawasiliano hayo hupita Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Kuzitofautisha aina hizo kunahitaji madoa maalumu ya CD3 na CD8, na ikiwezekana kipimo cha flosaitometri. Flosaitometri hutaka kipande kibichi, kilichotolewa saa hiyo. Madoa na kipimo cha ukoo wa seli hufanyika kwenye kipande kilichokwisha kuhifadhiwa katika formalini na kugandishwa kwenye nta. Tofauti hiyo ni habari njema kwa mtu wa mbali: kijibonge cha nta hakiozi, hakihitaji barafu, na kinaweza kutumwa Nairobi, Mumbai au London huku mgonjwa akiwa nyumbani. Hospitali iombwe ikihifadhi, na familia iandike namba yake ya maabara mahali salama. Wengi hurudia kamera, kwa gharama na maumivu, kwa sababu tu namba hiyo ilipotea.

Njia yenyewe ya rufaa kutoka Songo Mnara hupita Kilwa Masoko, kisha Hospitali ya Kinyonga iliyoko Kilwa Kivinje, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi. Baada ya hapo kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mtwara, au Muhimbili. Kabla ya kupanda gari ni busara kupiga simu kuuliza kama kamera inafanya kazi wiki hiyo na kama mtaalamu wa patholojia yupo. Msimu nao uhesabiwe. Kusi likivuma mashua hungoja, na mwezi Mei mwaka 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Mwenye dalili za hatari asingoje masika yaishe ndipo aondoke kisiwani.

Mkobani awe na ripoti za mwanzo za kingamwili na kamera, namba ya kijibonge cha nta, orodha ya dawa zote pamoja na za mitishamba na za shinikizo la damu, majibu ya VVU, choo na selimundu, na daftari la uzito uliopimwa kwenye mzani ule ule kila wiki. Aongeze orodha ya alivyokula kwa siku saba, vitumbua na uji vikiwemo. Karatasi ya mwisho ni ya kuandikia majibu ya maswali mawili atakayouliza kabla hajatoka Dar es Salaam: vipande vimepelekwa maabara gani, na nani atampigia simu vikisomwa. Aache namba mbili, moja ikiwa ya ndugu anayeishi mahali mtandao unaposhika.